Hajanywa Dawa

Wifi yangu Dingiri Menike hajui kukaa. Chai anainywa amesimama, macho shambani, na akimaliza kufagia uwanja anaanza upya. Siku kaka yangu Ukkubanda alipomwoa nilimwambia, umejiletea ufagio. Akacheka, na sijawahi kumwona akijuta.

Msimu ule Menike alizidi kuhangaika. Binti yao Sujeewa alikuwa amepata mchumba, na mnajimu ameshachagua saa njema ya mama wa kijana kuja kuposa. Huyo mama, Seelawathie, alikuwa mjane wa ng'ambo ya bwawa, mwanamke mkavu, asiyecheka ovyo. Mumewe, kama watu wote walivyojua, alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Menike alimwogopa kuliko polisi. Kuta zikapakwa chokaa, na mchele wa kupika wali wa nazi ukachambuliwa hadi nikachoka kumtazama.

Ugeni ukiwa umekaribia, bajaji ikasimama mlangoni kwangu. Ndani, kaka yangu amelala mapajani mwa mkewe, amevaa shati jeupe la kuendea hekaluni, amepakwa poda hadi shingoni. Jasho linamtiririka na udenda unamtoka kama mtoto anayeota meno.

"Wifi, panda! Moyo!"

"Moyo umeanza lini? Jana si alikuwa anafukuza nyati?"

"Nimesema moyo! Panda, usinichoshe!"

Nikapanda. Njia nzima Menike alimfunga vifungo na kumfungua. Akamwambia dereva akimbize, kisha akamtukana kwa kukimbiza. Akanionya nisiongee na mtu yeyote hospitalini. Niongee nini, na mimi sijui kitu?

Kwetu mkulima akipulizia mpunga sumu ya wadudu tunasema amepiga dawa. Lakini ukisema mtu amekunywa dawa, hakuna anayefikiria homa; maana yake amejaribu kujiua. Watu wanashusha sauti, polisi wanakuja kuuliza maswali, na waposaji wanapotea njia.

Daktari alikuwa kijana mpole, Ilangakoon. Alimfunga kaka nyaya kifuani, mashine ikatema karatasi. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno, na mistari yake imevutika pasipostahili. Akammulika macho: mboni ndogo kama tundu la sindano. Akasikiliza kifua, kimejaa maji. Hapo akamgeukia Menike.

"Mama, baba amekunywa dawa?"

Wodi nzima ikatugeukia. Wagonjwa wetu wana masikio.

"Mume wangu hajanywa dawa!"

"Silaumu mtu, mama. Nataka kumtibu."

"Hajanywa! Anywe kwa shida gani? Ni moyo!"

Wala hakudanganya, na hilo bado linaniudhi. Aliulizwa kama amekunywa, akajibu hajanywa.

Daktari aliamini karatasi na mboni, si Menike. Akaanza kumchoma sindano za kuzuia sumu. Mapigo yakapanda, kifua kikaanza kukauka, nikashusha pumzi. Kitambo kidogo, jasho likarudi na udenda ukarudi. Akachoma tena, yakarudi tena. Wakamwingiza mpira tumboni, vikatoka chai na wali tu.

"Kuna mahali sumu bado inaingia," daktari akasema. "Wapi?"

Ghafla mashine ikaanza kulia. Moyo ulikuwa unakimbia bila mpango, kaka amegeuza macho. Wakamshughulikia, ukarudi. Daktari alikuwa amelowa kuliko mgonjwa.

"Mama, moyo ukiruka hivi tena, sijui kama utarudi."

Menike alikuwa anazunguka kitanda. Akamtazama mumewe. Akawatazama watu wa kijiji waliojazana dirishani, shingo ndefu. Halafu akamrukia Ukkubanda, akamgeuza ubavu, akalipasua lile shati jeupe mpaka chini.

"Bomba lilivuja! Alipiga dawa tangu alfajiri, likavuja mgongoni!" Mgongo ulikuwa mwekundu, unanata. "Nilimpaka poda msinuse mkasema amekunywa! Nilimvalisha msijue! Hajanywa dawa, dawa ndiyo inayomnywa yeye!"

Akalia kwa sauti, mbele ya wote.

Manesi wakamvua kila kitu, wakamwogesha kwa sabuni na maji, nywele, kwapa, kucha. Sindano za mara hii zikashika, mdomo ukakauka, kifua kikanyamaza. Lakini daktari alikataa kumfungua nyaya. Moyo uliopitiwa na sumu hii, alisema, unaweza kugeuka hata mgonjwa akiwa anapiga soga.

Saa njema ya mnajimu ilitukuta palepale wodini. Sindano zilikuwa zimempanda kaka kichwani, akawa anaweweseka, anachuna shuka akitafuta ruba wa shambani. Mlangoni akatokea Seelawathie, madafu mkononi. Menike akasimama wima.

"Nasikia baba Sujeewa amekunywa dawa," Seelawathie akasema.

"Hajanywa."

"We mama!" Ukkubanda akamfokea mgeni. "Umesimama tu? Fungulia maji, mpunga unakauka!"

Nilitamani ardhi inimeze. Seelawathie aliyaweka madafu chini. Aliitazama mashine muda mrefu, ule mstari unaopanda na kushuka.

"Wa kwangu alikunywa," akasema. "Daktari aliniuliza kama ulivyoulizwa. Nikamwambia ni moyo."

Halafu wifi yangu akakaa chini kwenye benchi, akasogea, akampisha mwenzake nafasi.