Mtaa Mweupe

Dada yangu ni fundi cherehani. Tunamwita Futi kwa sababu utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake, hata akiwa jikoni. Ameshona miaka thelathini na hajawahi kukata kitambaa mahali ambapo hajapitisha chaki. Ukimharakisha anakuambia, "Haya, shika mkasi wewe."

Mwezi uliopita binti yangu alitaka kuhamia mtaa wa nyuma ya karakana, yeye na mwanawe wa miezi mitano. Zahanati ilikuwa imebandika ukutani ramani ya watoto wanaougua kuhara. Mtaa wetu ulikuwa mwekundu. Ule wa karakana, mweupe pe.

"Mama, hata ramani imesema," aliniambia huku akifunga vyombo. "Kule ni safi."

Moyo wangu haukutulia. Lakini mimi niliishia darasa la tano. Nibishane na ramani kwa lipi?

"Wewe nawe, hata kivuli chako unakiogopa," akanicheka binti yangu alipouona uso wangu.

Futi hakucheka. Alimbeba mtoto mgongoni, akatuburuta mpaka zahanati. Akaikodolea ramani macho kama gauni la mteja mkorofi.

"Nesi mwanangu, hapa peupe mmepima mkakuta hakuna ugonjwa, au chaki haijapita?"

"Hatujafika huko, shangazi. Tuko wawili tu. Tungepaka rangi gani?"

Binti yangu akamchukua mwanawe mgongoni kwa Futi, akamkumbatia. Nilitamani kusema nilijua, ila sikujua. Niliogopa tu.

"Na kupima kunataka nini?" Futi akauliza.

"Mtu wa kugonga milango, aulize, aandike."

Siku nne Futi aliifunika cherehani yake, akapita na nesi nyumba kwa nyumba, utepe shingoni. Watu wakamtania, "Futi, leo unatushonea sare mtaa mzima?"

"Nawatafutia rangi," akawajibu.

Mtaa ukatoka wa njano: wagonjwa wapo, ila wachache. Binti yangu akahama. Kitu cha kwanza alichokitoa kwenye mizigo kilikuwa sufuria kubwa ya kuchemshia maji.

Mimi wasiwasi haujaniisha. Nikimlalamikia Futi, ananiambia bila kuinua macho, "Si uende ukapime?"

Basi naenda. Nampakata mjukuu wangu, namshika paji la uso, nainusa shingo yake, halafu narudi nyumbani.