Kabichi za Mlola zatembezwa Tanga kabla ya kuliwa Lushoto

Saa sita na robo mchana, Alhamisi. Wanafunzi wamejipanga na sahani zao katika bwalo la chuo kimoja mjini Lushoto, lakini bado hakuna aliyepakuliwa. Mbele yao amesimama mpishi mkuu, Mwanahawa Singano, mkononi ana kabichi iliyonyauka.

"Hii imelimwa wapi?" anauliza.

"Mlola, mama!"

"Na imepitia wapi?"

"Tanga!"

Wapo wanaocheka. Mwanahawa hacheki.

Wanafunzi hao ni wa chuo kikuu, wameletwa hapa kwa mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo. Mlola ni humuhumu milimani. Ukiondoka na basi la asubuhi, chakula cha mchana unakula huko. Lakini kabichi za kijiji hicho huteremshwa hadi Mombo, zikapelekwa Tanga kwa mgavi aliyeteuliwa na chuo, zikalala ghalani, kisha zikapandishwa tena mlimani. Nyingi hufika zimeoza.

"Petroli yenyewe ya kubahatisha, halafu tunaiunguza kwa kutembeza kabichi," Mwanahawa anasema kwa ukali. "Ndiyo kujitegemea huko?"

Mwanahawa, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni mzaliwa wa Mlola. Aliajiriwa jikoni hapa kuosha masufuria miaka kumi na mitano iliyopita, mwaka uleule wa Azimio la Arusha.

"Mkoloni alimtoza baba faini kwa kukataa kulima matuta," anakumbuka. "Hakuna aliyemuuliza shamba lake analijuaje. Sasa nchi ni yetu. Mbona mkulima bado haulizwi?"

Masomo haya ya bwaloni yalianza kwa ugomvi. Mwezi wa tatu, Timotheo, mwenyekiti wa wanafunzi, aliingia jikoni na sahani yake.

"Shikamoo mama. Samahani, lakini hiki ni chakula au majani ya ng'ombe?"

"Marahaba. Jumamosi njoo na wenzako, niwapeleke kinakotoka."

Walikwenda ishirini na wanane, kwa lori la chuo. Huko Mlola walimkuta Bi Fatuma, shangazi yake Mwanahawa, akifukia kabichi shimoni. Zilikuwa nzuri, ngumu, bado zina umande. Lori la mgavi lilikuwa limejaa na kuondoka, nazo zikabaki.

"Shangazi, kwa nini usiziuze?" Timotheo aliuliza.

"Kwa nani, mwanangu? Hapa kila mtu anazo," alijibu Bi Fatuma. "Na chuoni kwenu niliwahi kuzileta mwenyewe, kichwani. Nikarudishwa getini."

Mwanahawa alikuwa hajui habari hiyo. Anasema alitoka nje ya boma akalia, kwa sababu siku ile shangazi yake aliporudishwa, yeye alikuwa jikoni akichambua kabichi zilizooza.

Mchana walikula ugali na mchunga, mboga chungu ya milimani. Waliokunja uso ndio walioongeza.

Tangu hapo, kila Alhamisi kabla ya kula, Mwanahawa hueleza chakula cha siku hiyo kimetoka wapi na kimemgharimu nani. Maganda hayatupwi tena. Wanafunzi huyafanya mbolea.

Ofisi haikupendezwa. Msimamizi wa bohari alimwita.

"Wewe kazi yako kupika. Walimu tunao."

"Nikikaa kimya chakula kitaacha kuoza, ndugu?" alimjibu.

Alipewa onyo. Wanafunzi waliposikia, waliitisha mkutano na kumtaka mkuu wa chuo ahudhurie. Timotheo alisimama akasimulia habari za lile shimo. Mkuu, ambaye hakuwahi kuelezwa lolote, aliagiza mboga za majani zinunuliwe moja kwa moja Mlola. Kabichi na viazi akasema vingoje mkataba wa mgavi uishe.

"Vingoje!" Mwanahawa anarudia, akiipiga meza kwa kiganja. "Shangazi yangu afukie msimu mwingine mzima, kwa kungoja."

Wanafunzi wapya watafika mwezi wa saba. Amekwisha kupanga: hawataonja chakula cha bwaloni kabla hawajafika Mlola na kula kwa wakulima wenyewe.

Na ofisi ikiwanyima lori?

"Watapanda basi," anasema, huku akifunga kanga kiunoni. "Basi likijaa, watatembea. Mimi nitatangulia."