Mganga wa Kompyuta ya Bohari

Chumba chetu hakina dirisha. Naanza na hilo kwa sababu mtu akiniuliza kazi yangu ikoje, hilo ndilo hunijia kwanza, kabla ya mshahara na kabla ya bosi. Ni chumba cha chini katika bohari ya dawa. Kuta ni za zege, mlango ni mmoja wa nondo, na darini kuna taa mbili ndefu ambazo moja hupepesa kila inapojisikia. Katikati ipo meza, na juu yake kompyuta moja iliyobeba hesabu ya dawa za zahanati zote za wilaya. Isipowaka, hakuna boksi linalotoka.

Wakati huo, aliyekuwa akiiwasha ni dada mmoja tuliyemwita Mganga. Jina alipewa na bosi wetu mwenyewe, sisi tukalidaka. Bosi naye tulimwita Funguo, ila lake tulilitaja akiwa mbali, maana alitembea na shada la funguo kiunoni ambalo ulilisikia kabla hujamwona. Kila jioni alizima umeme wa jengo zima kwenye swichi kuu kwa kuogopa moto. Aliogopa moto, aliogopa wezi, aliogopa wakaguzi, na kuliko vyote aliiogopa ile kompyuta.

Sababu alikuwa nayo. Asubuhi ukiibonyeza, haikuwaka kama wenzake. Skrini ilibaki nyeusi, ikatoa mistari michache ya maandishi meupe, ikalia mlio mmoja, kisha ikanuna. Hapo ndipo Mganga alipoitwa. Alivuta kiti, akatandaza mtandio wake juu ya kibodi kama mtu anayefunika chakula kisiingie nzi, akaweka kiganja cha kushoto juu ya kasha na kuinamisha kichwa. Mtandio ulichezacheza. Baada ya muda mashine ikaguna, na programu ya dawa ikafunguka. Wakati wote huo Funguo alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, pumzi kaishika.

"Imeamka?"

"Imeamka, bosi."

"Mungu akuweke, Mganga."

Mimi nilikuwa karani wa kupokea mizigo, meza yangu ikitazamana na yake, na zile mbwembwe zilikuwa zikinichefua. Nilimwona mtu wa kujikweza. Nilijituliza kwa ahadi niliyopewa kwamba karibuni ningehamia chumba cha juu, kwenye meza ya karani aliyekuwa anastaafu. Chumba hicho kina dirisha pana linalotazama barabara. Nilishapanda mara kadhaa kwa visingizio vya kila namna, nikasimama pale kuangalia watu wakinunua matunda, na nilishajua nitakiweka kiti changu upande gani.

Mchana Funguo alikuwa akienda kula kwake, na kila alipotoka alifunga mlango wa nondo kwa nje. Dawa ni dawa, alisema. Anayetaka kutoka atoke mapema, anayebaki atabaki ndani mpaka yeye arudi. Mganga na mimi tulikuja na chakula chetu, kwa hiyo tulibaki. Urafiki wetu ulianza tukiwa tumefungiwa, na nadhani urafiki wa namna hiyo una haraka yake.

Mchana mmoja umeme ulikatika, ukarudi. Mganga akaibonyeza kompyuta, ikanuna kama kawaida. Safari hii hakushika mtandio.

"Mdogo wangu, sogea uone."

Nikasogea. Akagusa kitufe kimoja cha juu kwenye kibodi. Ukurasa wa buluu ukafunguka, akaandika tarehe ya siku ile, akahifadhi. Mashine ikawaka.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu. Umeme ukizimwa inasahau tarehe. Ikisahau, inadhani ni mwaka wa zamani, na programu inagoma kwa sababu kwa hesabu yake dawa hizi zote bado hazijatengenezwa."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamkumbuka Funguo na mikono yake mgongoni, nikacheka tena. Yeye hakucheka. Alifunika chakula chake ambacho hakukimaliza, akanieleza.

Mwaka aliouanza ujanja ule, walikuwa wanapunguza wafanyakazi. Yeye alikuwa mgeni kazini, na wageni ndio waliokuwa wakitangulia kuondoka. Lakini Funguo alipanda juu kwa wakubwa akaapa kwamba huyu akiondoka, bora na bohari ifungwe. Alipoona kitufe kimoja kinamlisha, akakifunika. Nyumbani alikuwa amemwacha binti yake kwa mama yake, katika mji ulio mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Alijiambia ni kwa muda tu. Alimwacha hajajua kutembea vizuri, na sasa binti anavaa sare za shule.

"Na mama macho yanaondoka," akasema. "Juzi amemimina chai pembeni ya kikombe. Imemwagikia mtoto mguuni. Mtoto ndiye aliyenipigia simu, ananiambia mama usimgombeze bibi."

Katika mji ule kuna tawi dogo la bohari, na nafasi ya karani ilikuwa wazi. Mkuu wa tawi alishamwahidi kumsubiri mpaka mwisho wa mwezi, basi. Mganga aliomba uhamisho, Funguo akamjibu kwa swali moja: nani ataiamsha? Aliomba tena, akajibiwa vilevile. Wazo la kumwita fundi, Funguo hakutaka hata kulisikia, eti mgonjwa anayepumua haguswi.

"Mwambie ukweli," nikamwambia. "Mfundishe."

"Nimwambie nini? Kwamba miaka yote hii nilikuwa nabonyeza kitufe chini ya mtandio? Hatanihamisha, atanifukuza. Na tawi halimchukui aliyefukuzwa." Akaegemea ukuta. "Nimejifungia mwenyewe, mdogo wangu. Na kufungua siwezi mpaka niseme nilidanganya."

Hasira zangu zote za mbwembwe ziliishia hapo. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilijionea huruma na mimi, maana nilitazama mlango wa nondo na nikaona jinsi mtu anavyoweza kuzeeka pale ndani bila mtu yeyote kumfanyia ubaya.

Wiki hiyohiyo alipita kwa fundi wa simu wa mtaani kwake, akamweleza habari za mashine inayosahau tarehe. Fundi hakuinua hata kichwa. Alisema ni betri imekufa, ile ndogo ya ndani inayotunza saa mashine ikiwa haina umeme. Akampa mpya. Mganga alinionyesha kesho yake, imefungwa kwenye kipande cha karatasi: bapa, ya duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Niliishika kiganjani. Niliwaza mguu wa yule mtoto, nikamrudishia.

Tulikata shauri tuitengeneze wakati wa chakula. Ikipona bila makelele, Funguo hatakuwa na swali la kuuliza.

Alipokwisha kufunga nondo na mlio wa funguo kupotea, Mganga alitoa bisibisi kwenye mkoba. Tulichomoa waya, tukalilaza kasha ubavu. Skrubu za nyuma zilikuwa na kutu, ya mwisho ikamtoa jasho. Mfuniko ulipotoka tulikuta vumbi nene kama blanketi, na buibui aliyekauka kwenye feni. Nilipuliza, nikapiga chafya, Mganga akanikazia macho. Betri ilikuwa pembeni kwenye ubao wa kijani, imekaa kwenye kishikizo chake, inang'aa kana kwamba haina kosa lolote. Akaing'oa kwa ncha ya bisibisi. Akaweka mpya, ikalia "tik" kidogo.

Ndipo skrubu moja ikamponyoka ikaanguka ndani. Tukaitafuta kwa vidole. Tukalitikisa kasha, tukaisikia inaviringika na hatuioni. Na hapo, mbali kwenye korido, nikasikia funguo.

"Iache," nikanong'ona.

"Ikigusa pasipofaa itaunguza kila kitu."

Roho ilikuwa mkononi. Tuliliinua kasha kichwa chini miguu juu, tukalitikisa kama watu wanaomtapisha mtoto, skrubu ikadondokea kwenye sketi yangu. Funguo alipofungua mlango, mfuniko ulikuwa umerudi, Mganga anaandika tarehe kwa mara ya mwisho, nami ninafuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Kuna vumbi humu," akasema.

"Nilikuwa nafagia, bosi," nikasema.

Asubuhi iliyofuata Mganga alibonyeza akarudisha mikono mapajani. Mashine ikawaka moja kwa moja mpaka kwenye programu, bila kununa. Alimgeukia Funguo, uso umemchangamka, sijapata kumwona vile.

"Bosi, imepona. Haihitaji mtu tena. Sasa naomba uhamisho wangu."

Funguo aliitazama mashine, akamtazama yeye, machozi yakamlengalenga. "Ulisema utaiponya, nawe umeiponya," akasema, ingawa hakuna aliyewahi kusema hivyo. "Wewe si mtu wa kawaida."

"Bosi, uhamisho."

"Leo imepona. Kesho je?"

"Bonyeza mwenyewe kesho. Mtu yeyote anaweza."

Akaficha mikono mgongoni. Kesho yake akasimama palepale, akamsubiri. Na keshokutwa. Mashine ilikuwa nzima kabisa, ikiwaka kwa kidole chochote, na kidole kingine hakikupatikana. Mganga alinywea. Mwezi ulikuwa ukingoni, na mkuu wa tawi alishapiga simu kuuliza kama bado anakuja.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi aliniambia, akiwa hanitazami, "Kesho nitachelewa. Nitachelewa sana, na simu nitaizima. Akiona imewashwa na mtu mwingine, ataniachia."

"Mtu mwingine nani?"

Chumbani tulikuwa wawili.

Sikulala vizuri. Nilimkasirikia, nikamwita mbinafsi, nikamwombea msamaha kwa kumwita hivyo, nikamkasirikia tena. Nilijua vizuri kidole changu kitanifanya nini. Nikajipa moyo kwamba pengine Funguo, akibanwa kabisa, atabonyeza mwenyewe.

Asubuhi madereva wa zahanati walikuwa wamepanga foleni mpaka nje, na maboksi yao matupu. Mmoja alikuja kuchukua dawa za kina mama wanaojifungua, na alilisema hilo kwa sauti. Funguo alikuwa anazunguka meza, anapiga simu isiyopokelewa, jasho linamtoka. Alifika mbele ya kompyuta. Akanyoosha mkono. Nikaomba moyoni, bonyeza, baba, bonyeza tu. Mkono ukarudi mgongoni.

"Leo hakuna dawa," akawaambia madereva. "Rudini kesho."

Nikainuka. Nikabonyeza.

Iliwaka kama taa. Funguo alinigeukia polepole, akanitazama kama mtu aliyepata ufunguo wa akiba mfukoni mwa suruali ya zamani.

"Kumbe amekufundisha."

"Hakuna cha kufundishwa, bosi. Ni kubonyeza tu. Hata wewe unaweza."

Akatabasamu kwa heshima kubwa. "Yule naye alikuwa anasema hivyohivyo."

Uhamisho wa Mganga ulisainiwa kabla ya chakula cha mchana. Alinikumbatia mbele ya nondo akalia, nami nikalia, kila mmoja na lake. Meza ya dirishani alipewa kijana wa uhasibu. Nilipokwenda kulalamika, Funguo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja, na ninyi mnalijua.

Jana Mganga alinipigia asubuhi. Nyuma yake nilisikia kuku, upepo, na mtoto anayesoma kwa sauti akikosea neno moja kila mara, na yeye akimsahihisha katikati ya maongezi bila kuomba radhi. Akaniuliza habari za kazi. Nikamwambia nzuri. Nilitaka kumwambia mengine, lakini Funguo alishafika mlangoni, mikono mgongoni.

"Mganga, njoo basi. Watu wanangoja."

Nikakata simu, nikaenda kubonyeza.