Karatasi ya Majina Saba

Njeri alikaa benchi la nyuma kanisani miaka hamsini na miwili, hapa hapa Edmonton, London. Wachungaji walikuja, wakaondoka, na kila mmoja alimwambia, mama, njoo mbele. Akacheka tu. Akabaki karibu na mlango, pale baridi inapoingilia. Siku aliyokaa mbele ni siku ya jeneza. Linus, mumewe, ndiye aliyewaonyesha wabebaji: peleka mbele, mbele kabisa, hapo.

Watu walidhani ni uchungu wa mfiwa. Linus alijua kilichomweka Njeri nyuma. Kilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Tony.

Hiyo ni habari ya Nairobi, mwaka wa sitini na moja. Linus alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakusoma. Siku za kazi aliosha chupa za soda, na Jumamosi mchana alipiga gitaa la pili kwenye bugi, densi ya vijana katika ukumbi wa mtaa. Rokenroli ilikuwa imeingia kwa santuri na kwa sinema, na vijana walishikwa. Suruali zilibanwa hata ukazivaa umelala chali. Nywele zilipakwa mafuta mazito zikasimama mbele kama kishungi cha jogoo. Wazee walisema dunia imekwisha. Kanisa la akina Njeri likasema hiyo ni ngoma ya shetani. Ukumbi ukazidi kujaa.

Njeri alikuja na raba nyeupe na sketi pana aliyoishona mwenyewe. Akizunguka, watu walimwachia nafasi. Linus kule jukwaani alikosea nyuzi, mwenzake akamkanyaga mguu.

Tony naye alikuwepo. Alikuwa katibu wa vijana wa kanisa hilo, msomi wa mtaa, kalamu haimtoki mfukoni. Jumapili tai, Jumamosi suruali ya kubana. Siku moja alicheza na Njeri wimbo mmoja. Wa pili alimfuata tena, akamshika mkono. Njeri akauvuta.

"Wee Tony, mkono wako umelowa kama chura. Nenda kacheze na kalamu yako."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mpiga ngoma akagonga kimoja cha kumkejeli. Linus pia alicheka.

Jumapili ya pili yake mchungaji alisoma karatasi mimbarani. Majina saba ya waliocheza ngoma ya shetani. La Njeri lilikuwa la kwanza. Mchungaji alipoishusha karatasi, Njeri aliuona mwandiko akautambua, kwa sababu aliuona kila wiki kwenye karatasi za kwaya. Tony mwenyewe alisimama kando ya mchungaji, tai shingoni, amemshikia Biblia. Jina lake halikusomwa.

Njeri alitengwa miezi sita. Benchi la nyuma, meza ya Bwana hakuna, kupewa mkono hakuna. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Hakumsemesha tena mpaka akafa. Miezi sita ikaisha, lakini Njeri hakuondoka nyuma, wala hakucheza tena. Hata siku ya harusi yao, Linus alipomnyooshea mkono wacheze, alitikisa kichwa.

Na Linus angesema nini? Aliona yote kutoka jukwaani, lakini nani angemsikiliza mwosha chupa mbele ya katibu? Alinyamaza. Tony akaenda kusomea ualimu, wao wakaja Uingereza. Kunyamaza kule Linus hakujisamehe.

Miezi tisa baada ya mazishi, binti yao Tatiana alimletea karatasi ya tangazo. Tatiana ni muuguzi, mzaliwa wa London. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini kujibu ni Kiingereza. Alimsomea: chama cha wazee Wakenya, Ilford, Jumamosi saa nane mchana. Mzee aliyewafungulia njia vijana wa rokenroli Nairobi atasimulia. Juu kulikuwa na picha yake.

"Nisomee jina," Linus akasema.

Tatiana akalisoma. Linus akaweka kikombe chini.

"Nipeleke."

"Baba, tangu mama afe hujatoka hata dukani."

"Nimesema nipeleke."

Alinyoa ndevu. Alivaa suti ya mazishi. Walichukua treni hadi Liverpool Street, wakabadilisha. Tatiana aliona midomo yake inacheza, akadhani anaomba. Hakuwa anaomba. Alikuwa akiwaita wale saba kimoyomoyo, mmoja mmoja, asije akasahau hata mmoja.

Ukumbini kulikuwa na chai na mandazi, na watu kama hamsini. Wazee walikaa viti vya mbele, na watoto wao waliozaliwa hapa wakasimama pembeni na simu zao. Mwenyekiti alikuwa Kibet, mtu wa sauti kubwa. Tony alikuja na koti jekundu na nywele za rangi ya dukani. Miaka miwili tu tangu aje London kukaa kwa mwanawe. Kuzungumza alijua, hilo halikubadilika.

"Kanisa lilitupiga vita," akasema. "Tuliitwa watoto wa shetani. Wengi walikunja mkia. Mimi nilisimama!"

Wakampigia makofi. Msichana mmoja akauliza alikuwa akicheza na nani.

"Aa! Kulikuwa na binti mmoja, Njeri. Raba nyeupe. Alikuwa hajui hata kuweka mguu. Nilimfundisha mimi."

Linus akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Muulize alimlipa nini."

"Mzee, maswali ni mwisho, tafadhali," Kibet akasema. "Kwanza jina?"

"Linus. Gitaa la pili."

Tony alivua miwani, akaivaa tena. "Linus! Ndugu yangu! Kumbe u hai?" Akashuka amenyoosha mkono. Linus aliutazama ule mkono, akatia wake mfukoni.

"Njeri alikuwa mke wangu. Nimemzika Februari."

"Oo, pole, bwana. Pole sana. Sikujua..."

"Majina saba. Nani aliandika?"

Tony alicheka kidogo, akawatazama watu wacheke naye. "Bwana Linus, tulikuwa watoto. Mchungaji aliagiza. Hayo ni ya zamani, njoo tunywe chai."

"Ulikuwa na miaka ishirini. Nani aliandika?"

"Basi, mimi."

"La nane liko wapi? Lako?"

Vijana wakashusha simu.

"Simama vizuri," Linus akasema. "Namna ya kusema unaijua. Ulikuwa katibu."

Wazee wa pale waliielewa mara moja. Katika kanisa lile, aliyetengwa hakurudishwa kimyakimya. Alisimama mbele ya watu, mikono chini, akataja jina lake na kosa lake, akauliza kama amesamehewa, nao wakamjibu. Njeri alisimama hivyo akiwa na miaka kumi na minane. Alipotaja kosa lake kwa sauti ndogo, Tony ndiye aliyemwambia, kwa sauti, dada, hatusikii.

"Wazee, jamani," Kibet akaingilia, "hapa si kanisani."

"Mwache aseme," bibi mmoja akasema kutoka katikati. "Unadhani ni Njeri peke yake alikaa hilo benchi?"

Tony alimtafuta mwanawe kwa macho. Mwanawe alikuwa anatazama viatu vyake. Akashusha mikono.

"Mimi Tony," akaanza. "Nilicheza bugi. Kisha nikawaandika wenzangu."

"Kwa nini?"

"Msichana alinikataa."

"Kwa sauti. Hatusikii."

"Msichana alinikataa! Watu wakanicheka. Nikamweka wa kwanza." Halafu, kwa mazoea tu, kwa vile maneno yale alikuwa ameyafundisha wengi, akamalizia: "Mnanisamehe?"

Watu wote wakamgeukia Linus. Yule bibi akafumba mikono yake mapajani, akangoja. Tatiana alimvuta baba yake mkono, na safari hii alisema Kiswahili.

"Baba, mjibu."

Linus alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

"Wa kumjibu nimemzika," akasema.

Akatoka. Tatiana akachukua mkoba wake akamfuata. Walipofika kwenye ngazi, Linus alimsikia Tony kule ndani akiuliza tena. Akasimama, akashika chuma cha ngazi, akatega sikio kama kuna atakayemjibu.

Hakukuwa na aliyejibu. Ndipo akaanza kushuka.