Korona ya Pili

Nakumbuka Jumamosi moja pale Ngombezi, mwanangu, mashamba ya mkonge yameshataifishwa, nami nikipiga gitaa la umeme katika bendi ya wafanyakazi. Binamu yangu alikuwa ameniletea kutoka Tanga santuri ya vijana wa Kizungu ambao magitaa yao yalinguruma kama chui aliyenaswa mtegoni. Nikaapa kwamba na langu litanguruma.

Basi nikaichana spika kwa wembe. Usicheke, ndivyo tulivyofanya. Kifundo cha besi nikakizungusha hadi mwisho, cha sauti nyembamba hadi mwisho, cha sauti ya kati nikakifunga kabisa. Amplifaya ikakoroma mpaka vioo vya ukumbi vikatetemeka, nami nikajiona mwanamume kwelikweli. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mbele aliketi Mzee Mhina, fundi wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge yabaki nyuzi. Kelele zake zilikuwa zinamla masikio kidogo kidogo, na mwenyewe alijua. Kila Jumamosi alikuja kuomba wimbo mmoja tu, ule ambao marehemu mkewe alikuwa akiuimba akipepeta mahindi, apate kuusikia kabla masikio hayajaziba. Siku ile nilimpigia kwa mngurumo wangu. Alivumilia mpaka mwisho, kisha akanijia jukwaani.

“Mjukuu wangu,” akasema, “kutwa nashinda na korona. Na jioni unanitilia korona nyingine? Mke wangu umemweka wapi humo?”

“Mzee, huu ndio muziki wa kisasa.”

Hakugomba. Heri angegomba. Alivaa kofia yake akatoka.

Nilinuna masika yote, maana alisema kweli na kweli inauma. Nilipopoa nikaziba spika kwa karatasi na gundi, nikairudisha sauti ya kati, kwa kuwa hapo kati ndipo inapokaa sauti ya mwanadamu. Lakini mzee alikuwa ameshaacha kazi, amerudi kwao Mnyuzi kulima. Nikapanda treni kumfuata, nikamrudisha Ngombezi, nikamketisha karibu kabisa na spika. Nikaupiga wimbo wa mkewe taratibu, safi, mwanzo hadi mwisho. Kina mama wengine ukumbini walilia.

Nilipomaliza, Mzee Mhina alinitazama kwa upole.

“Mjukuu wangu,” akauliza, “utaanza lini?”

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Nimezeeka sasa, na swali lile sijalijibu. Sikukatazi mapya, hata mngurumo una mahali pake. Ila kabla hujagusa kifundo, mtazame aliyeketi mbele yako, ujue amekuja kusikia nini. Anayekuomba wimbo leo, mpe leo, na mpe ulio safi. Mola aibariki mikono yako, na akukutanishe na wazee wako wangali wanasikia.