Naliaka na Moto wa Mchana

Kazi hiyo wanaume waliikataa kwanza, mjue hivyo. Mwanamume mzima wa Karagita, mwenye bibi na watoto shuleni, atembee mchana kweupe ameshika ufagio mbele yake? Thubutu! Ndiyo ikamwangukia Naliaka, mfagiaji wa banda la kupakia maua, ambaye hakuwa na nafasi ya kuchagua kazi.

Shamba lao la waridi kando ya Ziwa Naivasha lilikuwa limetandaza paneli za sola kilima kizima. Mchana umeme ulizidi, usiku ukakosekana, na waridi zikikosa baridi usiku mmoja tu, wape ng'ombe. Basi wakaleta mtambo. Umeme uliobaki mchana uliyavunja maji ukatoa haidrojeni, nayo gesi ikashindiliwa kwenye matangi marefu nyuma ya stoo. Jua likishazama, mtambo mwingine uliigeuza gesi hiyo kuwa umeme tena. Kitu kizuri, nani atabisha? Lakini haidrojeni si kama ile gesi ya kupikia. Ya kupikia imetiwa harufu, ikivuja hata jirani anajua. Hii hainuki, na ikishika moto mchana huuoni. Unasikia mluzi tu kwenye bomba, halafu unaingia ndani ya moto kwa miguu yako mwenyewe.

Vifaa vya kugundua gesi vilikuwepo, ila mara nyingi upepo wa ziwani uliipeperusha kabla haijavifikia. Kwa hivyo injinia wao, Tanveer, mtu wa Nakuru mjini, akawafundisha njia ya zamani. Bomba likipiga mluzi, mtu wa ufagio anatangulia, ameunyoosha mbele, mwendo wa pole pole. Nyasi za ufagio zikiwaka, moto uko hapo, na kila mtu anasimama mpaka gesi ifungwe kutoka mbali. Fundi anafuata nyuma yake. Si kando, nyuma. Na fundi mwenyewe alikuwa Wanyoike, mumewe Naliaka.

Hapo ndipo midomo ilipopata kazi. Kihara, dereva wa trekta, alitangaza kwamba Wanyoike amekaliwa, kwamba hata kazini bibi ndiye anayemwonyesha njia. Wakambatiza jina, Bwana Nyuma. Wanyoike alicheka pamoja nao, lakini akirudi kwenye kile chumba chao kimoja cha kukodi alikula ameangalia ukuta. Kwao Ndabibi, mama yake alikuwa ameshasema tangu mwanzo kwamba huyo msichana wa Bungoma atamtawala. Sasa shamba zima lilikuwa linasema vivyo hivyo. Naliaka aliyajua hayo yote na yalimuuma. Alimpenda yule mtu, na hao waliomcheka angewamwagia maji ya moto bila kujuta.

Siku moja watu wakiwa kwenye chakula cha mchana, bomba la karibu na matangi likaanza kupiga mluzi. Naliaka akainuka, akachukua ufagio wake. Wanyoike akachukua spana. Kihara, githeri mdomoni, akamuuliza kama leo ameomba ruhusa kwa mwenye ufagio au anaenda tu. Kicheko kikapasuka.

Wanyoike akasimama.

"Mama Sue, kaa hapo," akasema.

"Baba Sue, ngoja nitangulie. Ni dakika tu."

"Nimesema kaa."

Akaondoka. Naliaka angeweza kumshika shati. Lakini mke kumvuta mumewe shati mbele ya wanaume wanaomcheka ni kumvua nguo hadharani, na yeye alilelewa akijua hivyo. Akabaki amesimama. Utasema ni upumbavu. Sema, lakini hata wewe ungesimama.

Mbele ya Wanyoike hapakuwa na kitu, hewa tu na jua. Akafika karibu na valvu, akainua mkono, na shati lake likawaka. Hakuna aliyeona moto uliompata, waliona shati. Naliaka alikimbia na ufagio mbele mpaka nyasi zikashika, akautupa, akainama, akamvuta kwa miguu. Alimlaani kila hatua, na alilia kila hatua.

Hospitalini Nakuru walimfunga bendeji mwili wote, wakaacha macho na mdomo. Daktari hakumficha Naliaka neno. Naliaka akaketi karibu na mumewe, hana pa kumshika.

"Usiwaambie watu wa kwetu nilikataa utangulie," Wanyoike akasema. "Wataniita mjinga hadi kaburini. Mwambie mama ulichelewa."

Naliaka alikasirika. Alitaka kumwambia kwamba mjinga ni yeye kweli, na kwamba anamwachia mzigo wa kubeba maisha yake yote. Akamtazama yale macho.

"Sawa," akasema.

Wanyoike alifariki kesho yake, saa ya chai. Kihara na wenzake walimsikia Naliaka akisema alichelewa, na uwongo huo hawakuupinga. Uliwafaa na wao pia, maana kicheko kilikuwa chao.

Wakamzika Ndabibi. Mchungaji alipomaliza, mama yake Wanyoike akasimama mbele ya watu na kumwita Naliaka. Hakupaza sauti. Aliuliza kama si kweli kwamba kazi yake ilikuwa kumtangulia.

"Ni kweli, mama."

"Ulikuwa wapi?"

Kihara alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kofia mkononi. Akaangalia viatu vyake. Sue, binti yao wa darasa la tano, alikuwa amemshika mama yake kanga, amemtazama usoni akingoja jibu.

"Nilichelewa," Naliaka akasema.

Mama yake Wanyoike akaja, akamtoa mtoto mkono kwenye ile kanga, akaenda kumketisha kwenye benchi la upande wao. Sue alikwenda naye, na hakugeuka.