Marando Mawili Kwenye Mkwaju Mmoja

Harufu ya ndiga iliyolowekwa haifanani na harufu ya chakula. Ni uchachu mzito, wa kitu kilichosahaulika chunguni, na unaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mkeka unaolalia. Mwaka ule wa ukame, baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa huko Handeni, harufu hiyo ndiyo ilikuwa hewa yetu. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na kila nyumba ilikuwa na chungu au debe lenye vipande vyeupe vimezamishwa kwa jiwe. Ndiga ni kiazi cha porini, na kina sumu. Bibi yangu, mama yake baba, alikikata vipande vyembamba, akaviloweka siku nyingi huku akibadilisha maji, akavianika juani, ndipo vikatwangwa kuwa unga. Mwenye njaa hana miiko, lakini kwa ndiga hata mwenye njaa alikuwa na mwiko mmoja: usifanye haraka. Bibi alikuwa akituambia kwamba aliyefanya haraka alizikwa, na alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kutukumbusha kufunga banda la kuku.

Mama yangu hakuwa mtu wa ndiga. Alitoka Korogwe, na alipokuja kuolewa kwetu, upande wa Kwaluguru, alikuja na kipande cha mbegu ya kiazi kikuu kimefungwa kwenye pindo la kanga. Alikipanda nyuma ya jiko, chini ya mkwaju, na rando lake likapanda mti ule mpaka likapotelea kwenye matawi. Kila msimu tulikula, na kila aliyeomba mbegu alipewa. Mmea huo ndio uliozusha ubishi mrefu kuliko wote niliowahi kuusikia nyumbani. Bibi alishikilia kwamba ndiga na kiazi kikuu ni watoto wa tumbo moja; mmoja alilelewa na watu, mwingine akaachwa porini. Ukimleta wa porini ukamtunza, atakuwa wa nyumbani. Na ukimtupa wa nyumbani, atarudi porini na uchungu wake. Mama alikataa katakata. Alisema ni ukoo mmoja, sawa, lakini matumbo mbalimbali, na hakuna malezi yanayoweza kulihamisha tumbo.

“Mama, tazama marando,” alikuwa akimwambia mkwewe, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma. “Simama mbele ya mti. Kiazi changu kinapanda kikielekea mkono wa kulia. Ndiga inapanda kushoto. Hakuna siku vimebadilishana.”

Bibi alicheka. “Hata mtu wa shoto ni mwanangu.”

Mimi, Hawa, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, nilikuwa mbishi kuliko wote wawili, kwa hiyo nikaenda kujaribu mwenyewe. Nikalifungua rando changa la mama kwenye kijiti chake, nikalizungusha kwa kinyume, nikalifunga na uzi. Baada ya siku chache ncha yake ilikuwa imejipindua na kushika njia yake ya kulia, uzi ukiwa umebaki pale chini hauna kazi. Niliudhika sana. Nilitaka Bibi awe sahihi, kwa sababu Bibi ndiye aliyekuwa akinifichia minofu ya nyama.

Halafu tukahamishwa. Jiko likaachwa, mkwaju ukaachwa, kiazi kikaachwa ardhini, na mji wetu ukageuka mahame. Amri ilikuwa wazi kwamba mahame si mahali pa kurudi. Waliokutwa huko wakichimba au wakilima walinyang'anywa walichobeba na kupelekwa ofisi ya kijiji, na waliyoyakuta huko hawakupenda kuyasimulia. Mwanzoni hatukuwa na sababu ya kurudi. Mama alikuwa ameshapanda mbegu nyingine ya kiazi hicho hicho nyuma ya nyumba mpya, na majirani kadhaa walikuwa nazo pia, ingawa kwa jua lile zilikuwa bado vidole tu. Ila mvua za pili zilipokataa, na unga wa msaada ukaanza kuja kwa kuchelewa, nilianza kuwasikia baba na mama wakinong'ona. Kiazi cha chini ya mkwaju kilikuwa kimekaa ardhini miaka kadhaa bila kuchimbwa. Kingekuwa kikubwa kama mtoto.

Baba alikwenda peke yake. Alirudi jioni na mzigo wa kuni, na katikati ya kuni palikuwa na gunia dogo. Hapo ndipo kosa lilipolala, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote ila mtu wa wakati ule. Kwa kuogopa kukutwa njiani na kiazi kizima, ambacho kila mtu angejua kimetoka mahame, baba alikimenya na kukikatakata huko huko, akalifukia ganda na mizizi yake. Mama alipokea vipande vyeupe visivyo na sura. Alimwuliza kama alichimba chini ya rando la mkwaju. Baba akajibu ndiyo, rando la mkwaju, na wote wawili wakaridhika.

Kesho yake asubuhi mama alibandika chungu, akaniita twende kwa jirani kuomba chumvi. Mdogo wangu Sefu, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado hayajang'oka, alibaki akicheza uani. Tuliporudi alikuwa amekaa mlangoni, ute unamchuruzika kidevuni, na alipojaribu kusimama alipepesuka kama mlevi, akaanguka, akacheka. Kicheko kile bado nakisikia. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka, macho yakapanda juu, na mama akatupa chumvi chini akakimbilia chungu. Alionja kipande kwa ncha ya ulimi, akakitema. Sijawahi kumwona mtu akibadilika uso vile. Alimtia Sefu kidole kooni mpaka akatapika, akambeba mgongoni, akatoka mbio kwenda zahanati bila kujifunga hata kilemba.

Sefu alilazwa. Mganga wa zahanati alisema aliyoweza amefanya, sasa tungoje. Na katika kungoja huko, nyumba yetu ikapasuka. Bibi alikaa kwenye kigoda uani na kulia kwa sauti, halafu akaacha kulia, jambo lililokuwa baya zaidi. Akamwita Mzee Mhina, balozi wetu wa nyumba kumi, na mbele yake akasema kwamba alilionya hili toka zamani. Kiazi kilichotupwa kimerudi porini. Mbegu ile ya Korogwe ichimbuliwe katika kila nyumba ilikogawiwa, ichomwe, na aliyeileta arudishwe kwao kabla hajatumalizia watoto.

“Mkamwana wangu si mchawi,” Bibi alisema. “Mimi sisemi hivyo. Nasema haijui nchi hii, na hataki kufundishwa.”

Mzee Mhina alimgeukia baba. “Baba Hawa, kiazi hiki kilitoka wapi?”

Baba alikuwa ameshika kofia yake mkononi, anaizungusha, anaizungusha. Akisema alikichimba yeye, amekiri mbele ya balozi kwamba alikwenda mahame. Alitazama chini. Akasema mambo ya jikoni hayajui. Jamani! Nilikuwa mtoto, lakini nilijua nilichokiona kwenye lile gunia, na nilimtazama baba yangu nikisubiri aseme neno la pili. Halikuja. Mzee Mhina akasema basi, mtoto akipona au asipopona, kikao kitakaa, na ndugu wa mwanamke waitwe kutoka Korogwe.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama alirudi kutoka zahanati kubadilisha nguo, akaambiwa yote. Kulipopambazuka alichukua jembe na panga, akaniambia nimfuate. Tulikwenda mahame kwa njia kuu, mchana kweupe, mama akiwa mbele na mimi nyuma, nikigeuka nyuma kila nikisikia baiskeli. Jiko letu lilikuwa limeanguka. Mkwaju ulikuwa palepale. Kwa ukame ule hapakuwa na jani hata moja la kukwambia mmea huu ni upi. Yalibaki marando makavu tu yaliyoshikilia mti. Mama hakuangalia shimo alilochimba baba. Aliuangalia mti kwanza, akapitisha kidole juu ya gome taratibu, kisha akakaa chini.

Yalikuwa marando mawili. Wakati sisi hatupo, ndiga ilikuwa imekuja kwa miguu yake, ikaota pembeni ya kiazi cha mama na kupanda mti huo huo. Moja lilipanda kushoto, lina miiba, na lilikatwa kwa chini, juu ya shimo la baba. La pili lilipanda kulia, laini, lenye pembe nne, na ardhi chini yake haikuguswa. Mahali pengine yalikatana kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akishika njia yake.

“Unaona?” mama aliniuliza.

“Naona.”

“Sema unachoona.”

Nikasema. Akanifanya niseme tena, kwa sauti, mpaka sauti yangu ikaacha kutetemeka. Kisha akalikata tawi zima lililobeba marando yote mawili, bila kuyafungua, akachimba kiazi chake. Kilikuwa kizito mpaka alikibeba kichwani na mimi nikabeba tawi. Tulipita katikati ya kijiji hivyo hivyo. Watu walisimama milangoni. Hakuna aliyethubutu kumzuia, na mimi hadi leo sijui kama ni kwa huruma au kwa woga.

Mzee Mhina aliitwa, Bibi akaletewa kigoda, na mama akaliweka tawi mapajani mwa mkwewe. “Mama, wewe unazijua ndiga kuliko mimi. Niambie ipi ni ipi.” Bibi alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. Aliyapapasa marando yale kwa vidole vyake vilivyokakamaa. Alichomwa na mwiba, akanyonya kidole. Alifuata moja juu mpaka mwisho, akafuata la pili. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, ni nani aliyechimba chini ya hili la miiba. Mama alikuwa na jibu mdomoni, nililiona. Alilimeza.

“Ni mimi,” baba akasema. “Mahame nilikwenda mimi. Niliona rando, sikuona kwamba ni mawili.” Mzee Mhina alikohoa, akainuka, akasema yeye alikuja kwa habari ya mtoto, na hiyo habari nyingine hakuisikia vizuri.

Mtoto akapona. Siku aliyotoka zahanati, miguu bado haina nguvu, mama alipika kile kiazi kikuu. Kwetu anayeandaa chakula huonja kwanza, walaji wakimwona, ndipo wanaponawa mikono. Mama aliweka sinia katikati, mvuke unapanda, akakaa, akaikunja mikono yake mapajani. Tulingoja aonje. Sefu alinyoosha mkono na Bibi akamdaka kwa shati.

“Leo sionji,” mama alisema.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa yamejaa. Mimi tumbo lilinguruma na nikalionea aibu. Mambo yote yalikuwa yamekwisha kuthibitishwa: tawi, miiba, shimo. Na bado hakuna mkono uliokwenda kwenye sinia. Nilielewa pale, bila kuwa na maneno yake, kwamba mama akiinuka sasa atakwenda ndani kufunga kanga zake, na hatahitaji kikao kumrudisha Korogwe. Bibi akamwachia Sefu. Akanawa, akasema bismillahi, akachukua kipande kikubwa, akakitafuna taratibu huku akimtazama mama machoni. Alikimeza. Akachukua kingine, akakipuliza, akamtia Sefu kinywani kwa mkono wake. Mama akajifunika uso kwa kanga na kulia mpaka mabega yakaruka, na sisi tukala.

Siku hizi nafundisha baiolojia, naishi Masuguru, Korogwe, mwendo mfupi kutoka alikozaliwa mama. Wataalamu wanaviweka viazi hivi vyote katika jenasi moja kubwa, Dioskorea, yenye spishi kwa mamia, na ndani yake wanagawa koo. Wanaopanda kulia, kiazi kikuu akiwemo, ni ukoo mmoja. Ndiga amekaa kwenye ukoo mwingine pamoja na baadhi ya wanaopanda kushoto, na siku hizi vinasaba vimepimwa na mgawanyo huo haukuanguka. Nikiwachorea wanafunzi ubaoni huwa naona raha ambayo hawawezi kuielewa. Lakini mama hakuwahi kumtambia Bibi ushindi wake. Kila mwaka wa njaa, Bibi alipoepua ugali wa ndiga aliyoiloweka mwenyewe, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kula, haulizi ililowekwa siku ngapi wala maji yalibadilishwa mara ngapi.

Juzi jirani yangu mpya, mama mmoja mpole aliyehamia kutoka Kabuku, alinigongea mlango na sahani ya kiazi kikuu, bado cha moto. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikamkaribisha ndani. Nilikijua kile kiazi mpaka ukoo wake na upande kinaopandia. Tulikaa. Nikajikuta nimeishika sahani, nazungumza hili na lile, nangoja aonje yeye kwanza. Akaelewa. Akachukua kipande, akala, akaniaga. Hajagonga tena.